Kunguru weusi wameshaingia Dodoma, tusisubiri wajae

Mhariri, salamu kutoka huku Nkuhungu. Naomba nafasi niongee na wenzangu wa Dodoma kuhusu hawa kunguru weusi maana naona watu wanawachukulia poa tu.

Nawaongelea wale wenye shingo ya kijivu, sio kunguru wetu mwenye kifua cheupe tuliyemzoea toka zamani. Hawa kwao ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka za mjini, wakazaliana weee mpaka wakaenea na huku bara, na mtu aliyekaa Dar es Salaam hahitaji kuambiwa. Kunguru mweusi anakula mayai ya ndege wenzake, makinda, mijusi, vyura, vifaranga vya kuku, hata mwewe wanamvamia kundi zima mpaka anakimbia.

Huku bado sio wengi ila wapo. Mtaani kwetu fundi alipanda mwarobaini kupunguza matawi akashusha kiota chao, jamani kile kiota karibu chote kilikuwa waya, zile za kufungia nondo, wameziokota kwenye saiti za ujenzi! Na kwenye mgunga wa jirani ambako minana wanasuka viota kila mvua zikianza, nimemwona kwa macho yangu kunguru anachana kiota ubavuni anavuta kinda, mama yake anazunguka analia hana la kufanya. Iliniuma sana.

Sasa huyu ndege porini haishi, anaishi palipo na watu na uchafu wao. Tangu serikali ihamie huku mji unakua kila siku, migahawa mingi, mabucha mengi, halafu ghuba la taka linajaa mpaka linamwagika na mtu anachinja kuku anatupa utumbo nyuma ya nyumba, hapo tunawalisha wenyewe.

Kuna watakaosema wakizidi tutawashughulikia. Zanzibar miaka ya 1990 waliwapunguza kweli kwa mitego na sumu, mradi ulipoisha wakajaa tena. Sangara naye aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, furu, wale samaki wadogo wa asili ya mule, wa aina nyingi sana wakapotea na leo hakuna wa kumtoa mule ziwani. Wakati wa kuwamaliza ni sa hivi wakiwa wachache, na gharama yake ni ndogo.

Kwa hiyo naomba Jiji na watu wa maliasili watuwekee mitego, ile ya wavu ambayo ndani anawekwa kunguru hai na chakula, wenzake wakimwona wanashuka wanaingia. Mimi naipenda hiyo kwa sababu kunguru wetu akinasa unamfungulia anaenda zake. Sumu waachiwe wataalamu, wananchi tusijinunulie dukani na kuitega kwenye nyama maana itaua mbwa, paka na kuku wa watu. Na taka zizolewe kwa wakati, bila hivyo mitego ni kazi bure.

Vijana wa manati nao naomba wamwangalie ndege vizuri kabla hawajarusha jiwe, mwenye kifua cheupe aachwe, huyo ni wa hapa hapa.

Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma