Hakimu, hiyo dola 45 siitoi

Bombo, Jumapili usiku

Ndugu yangu Hakimu,

Nisalimie watu wote hapo Arua, Mama hasa. Ujumbe wako nimeupata. Unataka nikuchangie dola 45 za Star Citizen, ule mchezo wa kompyuta wa vyombo vya angani, yaani zaidi ya shilingi laki moja na nusu za Uganda. Pesa ninayo, ila siitoi, na kwa kuwa tumekula sahani moja tangu utoto wa kambini, usinune kabla hujanisikia.

Unadhani nawachukia waundaji wake kwa kuchelewa. Sivyo. Silksong, mchezo mwingine wa kompyuta, ilitangazwa 2019 ikatoka Septemba 2025, na tuliingoja huku tukitaniana. Lakini miaka yote hiyo wale jamaa wa Adelaide, Australia, walioiunda hawakunidai hata senti. Walikuwa wakila mauzo ya Hollow Knight, mchezo wao uliotangulia, kwa hiyo kuchelewa kulikula mfuko wao, si wangu. Siku ilipotoka wakasema dola 20, basi.

Hii yako ni habari nyingine. Chris Roberts, mwenye Star Citizen, alianza kuchangisha Oktoba 2012, akataja 2014 kuwa mwaka wa kutoa. Kufikia 2024 michango ilishapita dola milioni 700, na mchezo haujakamilika. Kinachouzwa ni vyombo vya angani, vingine bado ni michoro tu: unalipa leo, pengine mamia ya dola, halafu unangoja kiundwe. Liliwahi kuuzwa furushi la dola 48,000! Kwa pesa hiyo hapa Bombo unanunua kiwanja, unajenga, na ng'ombe wawili watatu juu.

Haki yao niwape. Kitu cha kucheza kipo, umekiona mwenyewe, na jumla ya michango wameianika kila mtu aione. Siwaiti wezi.

Unakumbuka kitanda changu cha harusi? Fundi alinionyesha mbao za mvule, amezipiga mistari ya chaki, nikampa nusu. Wiki ya tatu nikazikuta palepale, chaki imeanza kufutika, naye ananichorea droo za pembeni. Nikalipia droo. Mwezi uliofuata ikawa kioo. Nikalipia kioo, mjinga mimi. Kazi yake anaijua, na kitanda nakilalia mpaka leo. Ila randa ilianza kulia siku ile nilipokataa kulipia kitu kipya. Kabla ya hapo mchoro ulikuwa unamlipa vizuri kuliko kitanda.

Ndiyo hofu yangu. Watu wanaolipwa kila mwezi kwa ajili ya kesho, kesho yenyewe ikifika watauza nini? Wachezaji wengi waliotoa pesa mwanzoni wanauliza hilohilo, na wakiambiwa "subirini kidogo" wanapandwa na hasira, kwa sababu anayewaambia wasubiri ndiye anayefungua duka la vyombo vipya.

Oktoba 2024 walisema Squadron 42, ile sehemu ya kucheza peke yako, itatoka 2026. Ikitoka, watu wakaicheza mpaka mwisho, nitakununulia mwenyewe na sitadai kitu.

Halafu hujafikiria bando. Mchezo huo unapita GB 100, na kompyuta yako inakoroma hata ukifungua picha za harusi. Niulizie bei ya RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta, hapo mjini. Hiyo nakuchangia hata kesho.

Ndugu yako,
Juma