Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ardhi ya Akina Johnson, Kutoka Pungoteague Hadi Wicomico

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na poleni kwa safari ninyi mliotoka Baltimore, Silver Spring na Richmond.

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati ichague familia moja ya enzi za ukoloni hapa Marekani, kisha chama kiifuate ardhi yake tangu ilipopatikana hadi ilipowatoka mikononi. Baadhi yenu mlitarajia familia ya Kiingereza, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa sana. Kamati iliwachagua akina Johnson wa Virginia, watu waliotoka Afrika, na mwaka wetu karibu wote umekuwa wao. Mambo ya ada na michango atayasoma mweka hazina. Mimi naomba muda wenu kwa ajili ya familia hii, maana mwishoni nina ombi la kupigiwa kura.

Mwaka 1621 meli iitwayo James iliingia Virginia ikiwa na mtu aliyeandikwa Antonio, Mweusi, basi. Hakuna jina la baba wala la kijiji. Wakati ule Waafrika wengi waliofikishwa kule walikuwa wametekwa katika vita vya Wareno huko Angola. Antonio akapelekwa kwenye shamba la tumbaku la Bennett, kando ya mto James. Machi 1622 Wapowhatan, ambao mashamba hayo yalikuwa yakila nchi yao, waliwashambulia walowezi na kuwaua 347 katika koloni nzima. Katika shamba la Bennett waliobaki hai walikuwa wachache mno, na Antonio alikuwa mmoja wao. Mwaka huohuo akaja Mary kwa meli ya Margaret and John. Wakaoana, wakakaa pamoja kama miaka 40, wakalea watoto wanne. Virginia ya siku hizo homa na kazi ziliwamaliza wageni wengi kabla hawajaizoea nchi, kwa hiyo kulea watoto wanne lilikuwa jambo kubwa.

Miaka ya 1640 tunawakuta ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, katika kaunti ya Northampton. Ni watu huru, wana ng'ombe na nguruwe, na jina sasa ni Anthony Johnson.

Ardhi waliipataje? Hapa ndipo wanachama wengi waliposhangaa. Tangu 1618 koloni ilikuwa na utaratibu kwamba anayelipa nauli ya mtu kuja Virginia anastahili ekari 50 kwa kila kichwa. Haki hiyo iliandikwa kwenye hati, na hati ziliuzwa na kununuliwa kama bidhaa nyingine, hata mtu aliyeorodheshwa alikuwa hajui nani amepata shamba kwa jina lake. Mwaka 1651 Anthony alipeleka majina matano akapewa ekari 250 kando ya kijito cha Pungoteague. Kati ya majina hayo limo la Richard Johnson, jina la mwanawe. Baadaye wanawe wawili, John na Richard, walipata hati zao. Ya Richard ilikuwa ya ekari 100, mwaka 1654. Ukoo mmoja wa Kiafrika ukawa na ardhi kwa hati iliyotolewa kwa jina la serikali, tena katika miaka ambayo Waingereza wengi wa hapohapo walikuwa bado vibarua wa mkataba wasio na hata bustani ya mboga.

Mwanzoni mwa 1653 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mali yao. Wakaenda mahakamani kuomba nafuu. Kuna sheria lazima tuikumbuke: mwaka 1643 Virginia iliweka kodi ya kichwa juu ya wanawake wa Kiafrika sawa na wanaume, ilhali mke wa Mwingereza hakuhesabiwa. Mahakama ya Northampton ilisema hawa ni wakazi wa zaidi ya miaka 30, wanaojulikana kwa kazi ngumu, ikamwondolea Mary na binti zake wawili kodi hiyo kwa maisha yao yote. Katika yote tuliyosoma mwaka huu, uamuzi huu ndio unaonigusa zaidi. Mahakimu waliwatazama majirani zao, wakawatendea kama majirani.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugawa. Anthony alikuwa na mtu akimfanyia kazi, John Casor, naye Mwafrika. Mwaka 1654 Casor alidai kwamba aliletwa kwa mkataba wa miaka saba au minane na kwamba muda ulikwisha kitambo. Majirani, ndugu wawili Robert na George Parker, wakamuunga mkono, na Casor akaenda kwa Robert. Anthony alimwachia kwa shingo upande, tena kwa kusihiwa na familia yake. Kisha akabadili nia, akafungua kesi. Tarehe 8 Machi 1655 mahakama iliamua kwamba Casor arudi kwa Johnson na Parker alipe gharama.

Wapo wanachama walioomba sehemu hii tusiisome mbele ya vijana, wakihofia kwamba itachukuliwa kuwa ushahidi dhidi yetu. Najua hofu hiyo inatoka wapi. Kuna watu huitaja kesi hii moja ili kusema utumwa wa Marekani ulianzishwa na Mwafrika, na huo ni uongo. Mwaka 1640, miaka 15 kabla, mahakama kuu ya Virginia ilikwisha kumhukumu John Punch, Mwafrika aliyetoroka pamoja na wazungu wawili, kutumika maisha yake yote, huku wenzake wakiongezewa miaka tu. Lakini kukanusha uongo huo hakumtendei haki Casor tukimficha. Alisema yeye ni huru, akasimama mbele ya mahakama kusema hivyo, akashindwa, na aliyemshinda ni mtu wetu. Uamuzi wa kamati, ambao nausimamia, ni kwamba kisa cha akina Johnson hakisomwi bila Casor ndani yake.

Mwaka 1665 wakahama. Tumbaku huinyonya ardhi haraka, mashamba ya Northampton yalikuwa yamechoka, na upande wa kaskazini Maryland ilikuwa ikifungua nchi mpya ambayo baadaye iliitwa Somerset. Anthony aliuza ekari 200, akamwachia Richard 50 zilizobaki, na yeye na Mary wakaondoka na mifugo yao. John akaenda nao pamoja na mkewe, na Casor naye alikuwamo. Walipofika, wakaorodheshwa kama vichwa ambavyo watu wengine walivitumia kudai ardhi. Mzee aliyewahi kupata shamba kwa majina ya watu, sasa jina lake likampatia mtu mwingine shamba. Alikodi ekari 300 kando ya kijito cha Wicomico, shamba likaitwa Tonies Vineyard, na humo akafa mwaka 1670. Mary hakutetereka. Alifanya mkataba mpya wa kukodi kwa miaka 99, na mwaka 1672 akawagawia wajukuu ng'ombe kwa maandishi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Akina Johnson walikuwa na daftari. Agosti 1670, Virginia, juri lilikaa kuamua ardhi ya marehemu Anthony Johnson ni ya nani. Likasema alikuwa Mweusi, na kwa hiyo mgeni, na ardhi ya mgeni hurudi kwa mfalme. Zile ekari 50 za Richard, ambaye alikuwa hai, zikaishia kwa George Parker, mmoja wa ndugu wale wa kesi ya Casor. Mtu ameishi katika koloni zaidi ya miaka 40, serikali yenyewe imemwandikia hati, mahakama imemsikiliza mara kadhaa, ndipo akishakufa inagunduliwa kwamba ni mgeni! Nimeusoma uamuzi huo mara nyingi na hasira yangu haijapungua. Haukuja peke yake. Mwaka 1662 sheria ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake, na mwaka huohuo wa 1670 watu weusi huru na wenyeji walikatazwa kununua watumishi Wakristo.

Mwaka 1677 mjukuu, John mdogo, alinunua ekari 44 huko Maryland akaziita Angola. Babu alikuwa na miaka saba kaburini. Mjukuu huyo alikufa mwaka 1706 bila mrithi.

Kuhusu kazi za chama, vikao vya kusoma viliendelea vizuri, na namshukuru katibu aliyetuandalia muhtasari wa kila kikao kwa Kiswahili chepesi, hata wazee wasiopenda Kiingereza cha karne ya 17 wakafuata. Vijana wamechora ramani ya safari ya kutoka Pungoteague hadi Wicomico. Ningependa waongeze juu yake nchi za Waaccomac, Wapocomoke na Wamanokin, kwa sababu kila hati niliyoitaja leo ilitolewa juu ya ardhi yao.

Sasa ombi. Kamati inapendekeza mwaka ujao twende Eastville, makao ya kaunti ya Northampton, ambako kumbukumbu za mahakama zimetunzwa mfululizo tangu 1632, kisha tupande hadi Princess Anne katika Somerset. Tungewafuatilia hasa wanawake: Mary, binti zake wawili, na Susanna mke wa John. Usafiri utagharimiwa na mfuko wa michango, na wanachama wastaafu na wanafunzi hawatachangia. Wajitolee wawili wanaoweza kusoma mwandiko wa zamani, au walio tayari kujifunza, watoe majina kwa katibu kabla ya kura.

Mwenyekiti