Risala ya Walimu wa Sayansi na Teknolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Moshi

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Kata, walimu wakuu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo. Wageni rasmi wawili waliokaa kwenye kiti hicho kabla yako nao walikuwa na majukumu mazito.

Kikundi chetu cha mafunzo ya mazingira kwa vitendo kilianza mwaka 2018 na walimu 7, chini ya mwembe huu. Leo tupo 31. Mwembe ni uleule.

Mafanikio ni mengi mno. Tuna kituo cha hali ya hewa, yaani kipimamvua tulichokitengeneza kwa chupa ya maji, na hakijawahi kutuangusha isipokuwa siku ile mbuzi alipokiangusha chenyewe. Tumefanya utafiti wa Mto Karanga: mwalimu anaingia majini, anageuza jiwe, anahesabu wadudu walioshikilia chini yake, na kwa aina zao anajua maji ni safi kiasi gani. Hayo ndiyo MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inayotaka: mwalimu kumfundisha mwalimu, na nauli tunajilipia.

Ndugu Mgeni Rasmi, chupa iliyo mbele yako si chai ya maziwa. Ni maji ya Karanga tuliyoyachota Aprili, masika yamekolea. Mchanga ulituama palepale, tope likafuata, ila ukiitikisa kidogo tu inarudi kuwa chai. Huo ni udongo wa mashamba yetu, ulikuwa safarini kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu. Tulitaka walimu wote waione ikituama siku hadi siku. Hatukuwa na pa kuiweka. Imelala chini ya kitanda cha katibu, pamoja na darubini yetu pekee.

Hapo ndipo penye ombi letu, nalo ni moja. Chumba cha vitendo unachokiona nyuma ya jukwaa tulikijenga kwa michango yetu hadi kwenye lenta. Mwaka 2021 tuliahidiwa mabati, tukapiga makofi. Mwaka 2023 tuliahidiwa mabati pamoja na mbao zake, tukapiga makofi zaidi, na picha tukapiga. Masika hii walimu wa Uru na Kibosho walifika kwa bodaboda wameloa, wakakuta mafunzo yameahirishwa, wakarudi wameloa.

Tunaomba mabati 42 ya geji 28 na mbao za kenchi. Misumari tumeshanunua. Kwa heshima na taadhima, ahadi tunazo za kutosha. Fundi ameketi safu ya nyuma na futi yake, akisubiri kukuonyesha vipimo kabla ya chakula.

Mwisho, pokea zawadi yetu ndogo ya mapapai mawili. Tumeyaweka kwenye kikapu, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Yametoka kwenye mpapai ulioota wenyewe katikati ya chumba hicho, na huu ni uzao wake wa pili.

Karibu sana.