Hata asiyesafiri anaionja dola ya Marekani

Mhariri,

Hapa Windsor, Ontario, nchini Kanada, Detroit ya Marekani iko ng'ambo ya mto tu. Mwaka 2011, dola ya Kanada ilipokuwa sawa na ya Marekani, Jumamosi tulivuka kununua jibini na kujaza mafuta. Leo dola yetu haifiki senti 75 za Marekani, na safari ya Florida wakati wa baridi tumeiacha. Sawa, kutembea si lazima. Kula je? Januari saladi yetu nyingi hutoka California na Arizona, nayo hununuliwa kwa dola za Marekani. Juzi nilishika fungu moja, nikasoma bei, nikalirudisha taratibu. Nikachukua kabichi. Wanaotuambia "basi msisafiri" sijui wananunua wapi mboga.

Msomaji,
Windsor