Rehema, kuhusu ile injini iliyozimika

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Rehema,

Salaam nyingi. Huku hatujambo. Mama yako magoti ndiyo yale yale, na bibi yako bado anauliza kama huko Afrika Kusini samli inapatikana.

Juzi ulipopiga simu unalia nilikwambia "usijali, yataisha", nikakata simu nikajiona mjinga. Mtu anakueleza mwalimu wa urubani kamzimia injini moja ndani ya simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, naye akabaki kushika usukani macho kodo sekunde kumi nzima, wewe unamjibu yataisha! Ndiyo maana nimekaa chini ya mwarobaini nikuandikie kwa kituo.

Unasema wewe mwoga, na rubani haogopi. Nani kakwambia? Huyo rubani Sullenberger unayemtaja kila siku, aliyetua kwenye mto Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, alihojiwa baadaye kwenye televisheni akakiri kuwa tumbo lilimporomoka mabata bukini yalipoingia kwenye injini zote mbili. (Ndege wameiangusha ndege. Kiswahili nacho kina utani wake.) Aliogopa, ila mikono ilikuwa kazini. Alishika usukani mwenyewe, akasema wazi kwamba ndege sasa ni yake kuiendesha, msaidizi wake Skiles akajibu ni yako, kisha Skiles akashika kitabu cha maelekezo kutafuta namna ya kuziwasha. Ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme Sullenberger aliiwasha mapema, hakungoja orodha ya kitabu ifike huko. Waongoza ndege wa chini wakimtajia viwanja vya kutua, anawajibu maneno mawili matatu. Kutoka kugongwa hadi majini zilipita kama dakika tatu na nusu. Watu 155, wote hai.

Mimi ndege sijawahi kuishika. Ila mwaka 1998, kabla hujazaliwa, nilikuwa natoa basi Lushoto kulileta Tanga. Tajiri alishaambiwa mara mbili kuwa breki zimeisha, akasema tumalizie wiki. Tumepita Soni, tunateremka Mombo, barabara unaijua, huku mlima huku korongo. Nakanyaga breki, pedeli inazama mpaka kwenye bati kama nimekanyaga unga wa maandazi. Harufu ya kuungua imeshajaa ndani. Konda yuko nyuma anagombana na mama mmoja juu ya chenji ya shilingi hamsini.

Nikaganda kama wewe. Mbele yangu kulikuwa na kitambaa kimening'inia kwenye kioo, nikawa nakikodolea hicho, naona nyuzi zake moja moja. Kilichotuokoa ni mkono wa kushoto. Ulikuwa juu ya gia tangu kule juu, kwa sababu mzee aliyenifundisha lori alikuwa ananichapa kofi la mkono kila nikiteremka mlima bila gia nzito. Ukavuta kutoka ya tatu kuja ya pili kabla mimi sijasema chochote. Injini ikalia kama mbuzi wa Idi. Nikapampu breki, ikashika kidogo, ikaachia. Nikatia ya kwanza. Hapo ndipo akili iliporudi nikatafuta pa kwenda, nikalilaza basi kwenye mfereji upande wa mlima, likajisugua ubavu kwenye udongo mpaka likasimama. Konda nilimwambia neno moja tu, tena mwishoni: "Washike viti." Watu wakanisifu kwamba sikupiga kelele. Pumzi ya kelele ningeitoa wapi?

Uliponisomea ile kanuni yenu, kwanza urushe, kisha uelekeze, mwisho ndipo uongee, nilicheka peke yangu. Nikakumbuka mfereji wa Soni.

Kwa hiyo hizo sekunde kumi zako zisikuumize. Mikono yako haijachapwa makofi ya kutosha, basi. Tena kuganda kuna nafuu kuliko papara. Kule Kegworth, Uingereza, Januari 1989, injini ya kushoto iliharibika, marubani wakazima ya kulia iliyokuwa nzima. Watu 47 walikufa. Wale hawakuganda. Uliniambia mwenyewe kuwa ukiinyoosha ndege kwa pedali, mguu uliolala, usiosukuma kitu, ndio unaoonyesha upande wa injini iliyokufa. Uusikilize kwanza huo mguu, utaje upande kwa sauti, ndipo mkono uguse kitu. Usiku kaa kitandani hapo hosteli, fumba macho, gusa hewani kila kitu mahali pake, mpaka uchoke, mpaka usingizini. Wenzako wakicheka, wacheke.

Jambo moja sijawahi kulisimulia hapa nyumbani. Lile basi liliposimama nilishuka nikakaa kwenye jiwe, goti la kulia linapiga kama cherehani, nalishika kwa mikono miwili halisikii. Yule mama wa chenji akaja akanisimamia. "Dereva, konda wako hajanipa hamsini yangu." Nikatoa ya kwangu mfukoni, sarafu ikaniponyoka mara mbili kabla hajaipokea.

Jumatatu ukitoka kwenye simuleta niandikie: mguu gani ulilala?

Baba yako