Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mahudhurio ya Watoto wa Maandalizi na Darasa la Kwanza

Ndugu wanachama, wazazi, walezi na walimu, Assalaamu alaykum.

Mwaka jana mkutano huu uliiagiza Kamati itafute njia ya kuwavuta watoto wa maandalizi na wa darasa la kwanza waje skuli kila siku, na ukaridhia tuanze na zawadi ndogo ndogo. Hesabu za fedha atazisoma Mshika Fedha. Mimi nitaeleza yaliyotokea, yakiwemo ambayo hatukuyatarajia.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila mtoto alikuwa na mstari wake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, akija anachorewa nyota, na aliyetimiza nyota kumi mfululizo alipewa penseli au raba. Wiki za mwanzo madarasa yalijaa. Baadaye tulibaini kwamba penseli nyingine zinaishia kubadilishwa kwa kashata, jambo lililowakera baadhi ya wajumbe, ingawa mimi binafsi sikuliona kuwa ni kosa kubwa.

Lililonitia wasiwasi ni mtoto wa darasa la kwanza aliyefika asubuhi moja akitetemeka kwa homa, kanga ya mama yake imemzunguka mabegani. Mwalimu alipomuuliza kwa nini hakubaki nyumbani, alionesha ukutani kwa kidole: zilikuwa zimeshafika nyota tisa. Alirejeshwa kwao kwa baskeli, na jioni ile ile Kamati ilikutana na kulifuta sharti la kutokosa hata siku moja. Tangu hapo, mtoto aliyeumwa akirudi huendelea pale alipoachia, na jina lake husomwa kwenye mstari wa asubuhi kwa kuwa amerudi.

Mwalimu mmoja pia alitueleza utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1973, ambao watoto wadogo wanaopenda kuchora waliahidiwa cheti iwapo watachora. Baadaye walipowekewa kalamu zile zile bila ya ahadi yoyote, walizishughulikia kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu, ilhali waliopewa cheti kwa kushtukizwa hamu yao haikupungua. Kamati iliyapima maneno hayo na kuamua kwamba penseli zitolewe pasipo kutangazwa kabla. Lakini kilichotushangaza zaidi ni ringi ya gari iliyotundikwa mwembeni, ambayo ndiyo kengele yetu. Mwalimu alianza kumpa zamu ya kuigonga mtoto yeyote aliyerudi baada ya kukosa siku nyingi, na sasa watoto huigombania zamu hiyo kuliko walivyowahi kuigombania penseli, nayo haitugharimu hata senti.

Hata hivyo, ni wajibu wangu kusema kwamba katika misimu miwili zawadi zetu hazikufua dafu. Wakati wa karafuu, mtoto anayeokota mpeta, yaani karafuu zilizodondoka chini, asubuhi hurudi na fedha mkononi, na raba haiwezi kushindana na hilo. Tulizungumza na wenye mashamba, tukawakumbusha kwamba karafuu huchumwa mchana na kuchambuliwa jioni, kwa hiyo mtoto mdogo anaweza kusaidia baada ya skuli. Wengine walikubali, wengine walitusikiliza kwa adabu tu.

Msimu wa pili haungoji mwaka, kwani huja mara mbili kila mwezi. Daftari la mahudhurio ukilitazama vizuri utaona linafuata mwezi wa angani: siku za bamvua, yaani za mwezi mchanga na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa sana, maji yanapokupwa mnamo saa nne asubuhi na akina mama wakateremka kwenye mwani, viti vya watoto wale wale hubaki vitupu, maana wao ndio wanaobaki na wadogo zao. Mtoto huyo hakosi hamu ya skuli, na kumwongezea nyota ni kumlaumu kwa jambo asilolimiliki.

Kwa hiyo Kamati inaomba idhini yenu ili tumwendee Mwalimu Mkuu tukiwa na pendekezo moja, nalo ni kwamba katika siku za bamvua watoto hao waruhusiwe kuhudhuria mkondo wa mchana, mama zao wakiwa wameshapanda kutoka pwani, na waandikwe kuwa wamehudhuria. Penseli zilizosalia zimo kabatini ofisini, na ufunguo anao Katibu.