Gari nimeshauza, mbona linarudi kwangu?

Mshauri, salamu kutoka Moshi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, naishi Pasua. Mwezi wa pili niliuza gari langu, Toyota Noah namba C, kwa kijana wa Arusha anayebeba abiria na mizigo. Tulielewana milioni 9. Alilipa milioni 8 siku hiyohiyo, moja akaahidi kuimalizia mwisho wa mwezi wa tatu. Nikamkabidhi funguo zote mbili na kadi ya gari. Ndiyo, na kadi. Mwanangu aliyeko Dar alipolisikia hilo alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Hakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alikuja na fundi wake, wakafunua boneti, wakalala chini ya gari, wakaliendesha hadi KCMC na kurudi. Fundi akasema injini iko sawa. Tukaenda kwa wakili, tukaandikishana mkataba wa mauziano, na ndani yake imo sentensi kwamba mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo jinsi lilivyo.

Wiki ya tano simu ikaita. "Shikamoo mama. Gari lako limenifia Marangu." Lilishakuwa langu tena! Kumbe alipakia watu wa msibani pamoja na magunia, akapandisha kutoka Himo, mshale wa joto ukapanda naye akazidi kukanyaga mafuta mpaka gari likazima lenyewe. Gaskiti imeungua, hedi imepinda, fundi anataka 2,300,000. Kijana anataka nichangie nusu, na ile milioni yangu iliyobaki anasema kwanza niisahau. Nikikataa atakwenda polisi kusema nimejipatia fedha kwa udanganyifu.

Hapa sasa naomba usinionee huruma. Lile gari lilikuwa linapunguza maji ya rejeta. Si mengi, nilikuwa naongeza kama nusu lita kila wiki mbili, na kwa safari zangu za soko la Mbuyuni na kanisani halikuwahi kunichemkia hata siku moja. Nilimwambia dalali. Nakumbuka hata mahali tuliposimama. Akanijibu, "Mama, hayo ndiyo magari ya mkononi, niachie mimi." Nikamwachia. Mnunuzi hakuniuliza, nami sikumwambia. Dalali huyo nilimleta mimi, nikamlipa 300,000 mimi, na leo anasema mazungumzo hayo hayakumbuki.

Mtoto wa marehemu dada yangu anasomea sheria. Alinieleza kwamba kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mtu anayeuza gari lake mwenyewe habebeshwi dhamana ya ubora kama anavyobebeshwa mwenye biashara ya magari, kwa hiyo mnunuzi anatakiwa afungue macho, hasa aliyekuja na fundi. Nikapumua. Halafu akahamia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwenye habari ya udanganyifu, akaniuliza taratibu, "Mama mdogo, kuna kitu ulikijua ukakificha?" Nikamwambia chai inapoa.

Kwa hiyo swali langu kubwa ni hilo. Kukaa kimya ni kudanganya? Na maneno niliyompa dalali yanahesabika kuwa yamemfikia mnunuzi, au dalali akiyameza yananirudia mimi niliyemtuma? Halafu huyu aliyeendelea kupanda mlima huku mshale unamwonya, yeye hana lake?

Jingine linaloninyima usingizi ni jina. Mpaka leo hajabadilisha umiliki TRA. Nilijua baada ya kuangalia deni la namba ya gari kwa simu, nikakuta faini mbili za 30,000 kila moja, na moja ni ya mwendo kasi Usa River. Usa River sijakanyaga tangu harusi ya mdogo wangu! Bima ndogo nayo ina jina langu mpaka Oktoba. Akigonga mtu, mlango utakaobishwa hodi ni wa nani? Naweza kwenda TRA peke yangu na mkataba kutoa taarifa kwamba nimeuza, au lazima tuongozane, naye sasa hivi hata simu zangu anapokea anapotaka?

Mwenyekiti wa mtaa anashauri nimwachie ile milioni yote yaishe. Mwanangu anasema nikipunguza hata shilingi nimekiri kosa. Mimi nafsi yangu iko tayari kumsamehe laki 5, alete nyingine 5, ila abadilishe jina kwanza na alipe faini zake. Nikiandika hivyo kwenye karatasi, itasomeka kama huruma ya mzazi au kama kukiri?

Jumamosi saa nne anakuja hapa nyumbani na mjomba wake, na mwenyekiti atakuwepo. Kama unaweza, nijibu kabla ya hapo: lile la maji nilitoe mimi mwenyewe wakishakaa, au nisubiri waniulize?

Mama wa Pasua,
Moshi